Weusi wa waini sio ubora wake, Mhariri

Mhariri, habari za kazi.

Mimi ni msomaji wenu niliyeko Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, gazeti nalisoma kwenye simu. Kazi yangu ni ya jikoni kwenye mgahawa, na msimu wa mavuno ukifika naenda mashambani kuchuma zabibu kama wageni wengi wa huku. Juzi mlitoa makala kuhusu waini nyekundu za Italia, mwandishi akasema za kaskazini zote ni nyeusi, nzito na zina kilevi kingi, na mnunuzi akitaka kujua ipi ni bora aiangalie kwenye mwanga, ikiwa nyeusi tii na asilimia ya kilevi kwenye lebo iko juu basi ndo yenyewe. Nimeirudia kuisoma nikidhani sijaelewa, kumbe nimeelewa vizuri tu. Naomba nafasi nijibu, na wasomaji wasiogusa kilevi wanisamehe, barua hii ni pombe mwanzo mwisho, waruke waende kwenye michezo.

Tuanze na hilo la rangi maana ndo lililoniuma zaidi. Zabibu inayoheshimiwa kuliko zote kaskazini mwa Italia inaitwa Nebbiolo, ndo inayotoa Barolo na Barbaresco, waini ambazo chupa moja inaweza kulipa kodi ya chumba Manzese mwezi mzima. Sasa we mimina Barolo kwenye glasi halafu weka vidole nyuma yake, utaviona vyote. Ni nyekundu hafifu, ikikaa miaka kadhaa pembeni inaanza kugeuka rangi ya tofali, na mtu aliyefuata ushauri wenu angeirudisha dukani akidai imetiwa maji. Lakini ipeleke mdomoni sasa. Fizi zinakaza, ulimi unakauka, mashavu yanavutwa kwa ndani, yaani ukakasi ule ule wa bibo la korosho ambalo halijaiva sawasawa, wa Mtwara na Lindi mnanielewa. Na uchachu nao upo wa kutosha, halafu harufu ya waridi lililokauka, cheri, na lami iliyopigwa jua, mtu wa kwanza kuniambia lami nilimwona mwongo mpaka nilipoinusa mwenyewe. Waini hafifu kwa macho, kali mdomoni. Kwa hiyo sheria ya weusi inaanguka hapo hapo kwenye mfano wa kwanza, tena mfano mkubwa kuliko yote.

Nebbiolo ni zabibu ya kusumbua. Inachipua mapema ikakutana na baridi ya masika, halafu inachelewa kuiva mpaka Oktoba, wenzake wote wameshavunwa yenyewe bado iko mtini inangoja ukungu na mvua. Ndo maana wenyeji wanaipa sehemu bora za kilima, ule mteremko unaotazama kusini ambapo theluji inayeyuka kwanza. Zabibu nyingine za huku ni Barbera, inayopewa sehemu zinazofuata, na Dolcetto, inayokubali hata kule juu kwenye ubaridi, na upande ambao jua haliufikii vizuri wanapanda nocciola, yaani hazelnut, zile njugu za mtini ambazo kiwanda cha Ferrero pale Alba kinatengenezea Nutella. Ukisimama juu ya kilima cha La Morra asubuhi unaona mpangilio huo wote kwa macho bila kuelezwa na mtu.

Na hata ndani ya Barolo yenyewe haziko sawa. Eneo linaloruhusiwa ni vijiji 11 tu, ukiwa na gari unaumaliza mzunguko ndani ya asubuhi moja, lakini udongo unabadilika kutoka kilima hadi kilima. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, udongo ni wa chokaa na mfinyanzi wenye rangi ya bluu bluu, waini zake zinatoka laini kidogo na zinanukia mapema. Ukivuka kwenda mashariki, Serralunga d'Alba na Monforte, udongo ni wa zamani zaidi na mgumu zaidi, una mawe ya mchanga, na waini zake zinakuja na ukakasi wa kutisha, ukiifungua ikiwa changa utajuta pesa yako. Wazee wa huku wanaonja glasi bila kuona lebo wanakwambia hii ya Serralunga, na mara nyingi wanapatia. Barbaresco iko upande wa pili wa Alba, karibu na mto Tanaro, kuna joto kidogo zaidi na zabibu zinawahi kuiva, kwa hiyo waini yake inakuwa tayari mapema. Sheria nayo inalijua hilo, Barolo lazima ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo iwe kwenye mbao, wakati Barbaresco inatosha miezi 26.

Hayo mapipa ya mbao yamewahi kuleta ugomvi mkubwa huku, na niseme kidogo maana unaeleza kwa nini chupa mbili za Barolo za mwaka mmoja zinaweza kuwa kama hazijuani. Zamani Barolo ilikaa kwenye mapipa makubwa ya maelfu ya lita, ya zamani sana, ambayo hayatoi ladha ya mbao, yanaipa waini muda tu wa kutulia. Miaka ya 1980 vijana wakaanza kwenda Ufaransa, wakarudi na vipipa vidogo vipya vya lita 225, vinavyotoa ladha ya vanila na kuilainisha waini haraka. Elio Altare wa La Morra mwaka 1983 alichukua msumeno wa mashine akayakata mapipa ya baba yake, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili alikuwepo mzee Bartolo Mascarello, yeye hakutaka hata kusikia, akachora lebo kwa mkono akaandika hataki vipipa vidogo na hamtaki mwanasiasa Berlusconi, vyote kwa pamoja. Leo ugomvi umepoa, wengi wamerudi katikati, na mimi niseme ukweli niko upande wa mzee. Vanila nikiitaka najua inakouzwa.

Basi, nimeongelea Barolo sana na nimefanya makusudi kwa sababu ya rangi, ila watu wa huku Barolo hawainywi kila siku. Inatoka Krismasi, harusini, Jumapili ya mgeni. Mezani siku za kawaida ni Dolcetto na Barbera, na hapa ndo makala yenu ilipowapunja wasomaji kabisa maana hizi hazikutajwa hata kwa bahati mbaya, wakati ndo waini ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzimudu na kuzifurahia bila somo.

Barbera ukiichuma inakupaka. Jioni mikono ni ya zambarau mpaka kwenye kucha, sabuni haiisaidii kitu, na unamjua aliyetoka kwenye Barbera akipanda basi. Vichala vyake ni vizito, ukikata kwa mkasi kinadondoka kwenye kreti unasikia. Waini yake ni nyeusi kweli, hii ndo ile rangi mwandishi wenu anayoitaka, lakini mdomoni hakuna ukakasi karibu kabisa, kuna uchachu tu, mwingi, wa kufanya mate yatoke. Kwa hiyo tuna Nebbiolo hafifu yenye ukakasi na Barbera nyeusi isiyo na ukakasi, zote zinatoka kilima kimoja, zimetenganishwa na njia ya trekta. Uchachu huo ndo unaoifanya iwe rafiki wa chakula cha mafuta. Jikoni kwetu ukiagiza agnolotti, hizo ni tambi zilizojazwa nyama, ukaniuliza unywee nini, nitakwambia Barbera hata kabla hujamaliza swali. Hata ile nyama ya Barolo iliyo kwenye menyu, inayopikwa masaa kwa masaa ndani ya waini, sitawaambia sufuriani tunamimina nini, ila bosi wangu sio mwendawazimu.

Barbera imepitia mabaya pia. Mwaka 1986 kuna wafanyabiashara walichanganya methanoli kwenye waini za bei ya chini ili kupandisha kilevi, watu zaidi ya 20 walikufa na wengine wakapofuka, na chupa nyingi zilikuwa zinauzwa kama Barbera. Nalitaja hili kwa sababu ya ule ushauri wa makala kuhusu asilimia. Wale waliokufa waliuziwa kilevi kilichopandishwa. Baada ya hapo serikali ilikaza ukaguzi, na wakulima wengi wa Asti na Alba wakaacha kushindana kwa wingi wakaanza kushindana kwa ubora. Tayari alikuwepo Giacomo Bologna kule Rocchetta Tanaro ambaye alishaonyesha tangu mavuno ya 1982 kwamba Barbera ikipewa heshima inaweza kukaa meza moja na wakubwa. Kabla yake ilikuwa waini ya kibarua.

Dolcetto ndo ya kwanza kuvunwa, Septemba. Jina linawadanganya wageni wanadhani ni tamu, siyo, ni kavu, ina uchungu mdogo wa lozi mwishoni, uchachu kidogo, inanyweka ikiwa changa. Usiiweke kabatini miaka kumi ukidhani itapanda thamani. Kunywa.

Na bado sijatoka Piemonte. Kuna Freisa, kuna Grignolino ambayo ni hafifu sana karibu na waridi ila mbegu zake zinaipa ukakasi wa kushangaza, kuna Ruchè ya Castagnole Monferrato inayonukia maua na pilipili mpaka unajiuliza wametia nini, kuna Pelaverga ya kijiji cha Verduno, na kuna Brachetto ya Acqui, nyekundu tamu yenye povu, kilevi kidogo, inanywewa na keki. Hii ya mwisho nadhani ingeuzika sana Dar kwa wale wanaosema waini kavu haipandi, na sielewi kwa nini waagizaji wetu wanaleta tu zile tamu za maboksi.

Tukipanda milimani Nebbiolo ile ile inabadilika tena. Karibu na mpaka wa Uswisi kuna bonde linaitwa Valtellina, mto Adda unapita kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo ukuta mmoja wa mlima unatazama kusini mwaka mzima. Watu wa kule walijenga matuta ya mawe bila saruji, wakapandisha udongo juu kwa mabega, inasemwa kuta hizo zikinyooshwa zinafika kilomita 2,500. Mashine haiingii. Kila kichala kinashuka kwa mkono. Waini yake ni nyembamba kuliko Barolo, ina harufu ya mlima, chumvi chumvi hivi, na majina ya vipande vyake ni Sassella, Grumello, Inferno, Valgella, Maroggia. Kwangu mimi Sassella nzuri naichukua kabla ya Barolo ya kawaida, tena kwa pesa ndogo, wa Piemonte wakinisikia watanifukuza kazi. Wana pia moja inaitwa Sforzato, zabibu zinakaushwa kwanza kabla ya kukamuliwa, na hiyo inanipeleka moja kwa moja Verona.

Maana nadhani najua mwandishi wenu alitoa wapi habari yake. Alikutana na Amarone. Mtu akianza na Amarone ataamini waini zote za kaskazini ni nyeusi, nzito, za kilevi kikubwa, kwa sababu Amarone ni hivyo kweli, ya chini kabisa kisheria ni asilimia 14 na nyingi zinafika 15 na 16. Lakini angeuliza kwa nini iko hivyo angepata makala nyingine kabisa.

Nimewahi kuingia kwenye ghala la kukaushia kule Valpolicella, vilima vya juu ya Verona. Ni chumba kirefu cha juu, madirisha yamefunguliwa pande zote mbili upepo wa kutoka ziwa Garda upite, na kreti zimepangwa mpaka karibu na dari, kila kreti ina safu moja tu ya vichala, havigusani sana. Zamani walitumia vichanja vya mianzi. Harufu ni ya zabibu kavu na ya kitu kama siki kwa mbali, na mwenye ghala anatembea katikati anainua kreti moja moja, anaangalia, punje yenye ukungu anaitoa kwa kidole anaitupa ndooni. Ikinyesha siku nzima wanafunga madirisha wanawasha feni, maana unyevu wa siku chache unaweza kuharibu kazi ya mwaka. Zabibu zenyewe ni Corvina, Corvinone na Rondinella, na zinakaa hapo kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Desemba, Januari, zinapoteza theluthi ya uzito na zaidi. Maji yametoka, sukari imebaki. Ukishazikamua, hamira ina sukari nyingi ya kula, kilevi kinapanda, waini inakuwa nzito. Hamna muujiza hapo wala udongo mweusi, ni kukausha.

Tena Amarone yenyewe ni mtoto wa juzi. Waini ya zamani ya kule ni Recioto, tamu, inatokana na zabibu hizo hizo zilizokaushwa ila uchachukaji unasimama kabla sukari haijaisha. Wanasimulia kwamba mwaka 1936 kwenye chama cha ushirika pale Negrar, msimamizi wa mapipa aitwaye Adelino Lucchese alikuta pipa la Recioto limesahaulika likaendelea kuchachuka mpaka utamu wote ukaisha, alipoonja akaipa jina hilo la Amarone. Siku hizi hilo pipa lililosahaulika ndo linaendesha uchumi wa bonde zima. Machicha yanayobaki baada ya kukamua Amarone hayatupwi, wanamimina juu yake waini ya kawaida ya Valpolicella ikachachuka mara ya pili, inapata mwili na kilevi zaidi, inaitwa Ripasso, na kwa mtu mwenye bajeti hiyo ndo ya kutafuta. Halafu kabisa mwanzoni kuna Valpolicella ya kawaida isiyokaushwa, nyepesi, ya cheri cheri, na jirani yake Bardolino pale kando ya ziwa ambayo ni nyepesi zaidi, zabibu karibu zile zile! Yaani familia moja ya zabibu inatoa waini ya kunywa na samaki wa ziwani na waini ya kunywa na jibini kali usiku wa baridi. Sasa uzito wa kaskazini uko wapi hapo.

Kaskazini zaidi, mkoa wa Bolzano, ambako watu wengi wanaongea Kijerumani kwa kuwa kabla ya mwaka 1919 palikuwa Austria, utakuta Schiava. Hii ni nyekundu ya kunywa mchana, hafifu, laini, ina kiharufu cha stroberi, ukiiweka kwenye friji kidogo haikasiriki. Na palepale, mashamba ya mtaa huo huo, kuna Lagrein ambayo ni nyeusi na ya msitu. Wenyewe wanatia Lagrein kidogo kwenye Schiava kutengeneza ile ya Santa Maddalena, kilima kilichoko juu ya mji.

Friuli nipite haraka, ni mashariki kabisa karibu na Slovenia, watu wanawajua kwa waini nyeupe. Ila wana Refosco yenye kikonyo chekundu, na wana Schioppettino ambayo ilikuwa imeshakaribia kupotea, miaka ya 1970 familia ya Rapuzzi kule Prepotto ikaanza kuzunguka kutafuta miche iliyobaki kwenye mashamba ya watu, wakati huo hata kwenye orodha ya zabibu zilizoruhusiwa haikuwepo. Inanukia pilipili manga. Kama watu hao wangefuata soko lilikuwa linataka nini, leo tusingekuwa nayo.

Na Lambrusco, ile nyekundu yenye povu. Najua mtacheka, maana miaka ya 1970 na 1980 viwanda viliijaza Marekani Lambrusco tamu kwa bei ya soda na jina likaharibika mpaka leo. Lakini nendeni Modena mkale. Meza ya kule ni nguruwe kila kona, kuna mguu wake uliotolewa nyama ukajazwa nyama nyingine ya kusaga na ngozi, kuna maandazi ya chumvi yaliyokaangwa kwenye mafuta yake, na glasi ya Lambrusco kavu yenye povu na baridi inasafisha mdomo kila baada ya tonge. Ile ya Sorbara ni hafifu kama waridi na ni chachu kwelikweli, maua ya mzabibu wake yana shida ya kujichavusha yenyewe kwa hiyo wakulima wanaupandia jirani wa kumsaidia, Lambrusco Salamino. Ile ya Grasparossa kutoka Castelvetro ni nyeusi na ina ukakasi. Kilevi asilimia 11 hivi. Sasa mwandishi wenu ataiweka wapi kwenye mizani yake, nyekundu, yenye povu, ya baridi, ya kilevi kidogo, na mimi nikiambiwa nichague waini moja ya kula na kiti moto pale Sinza siendi mbali, ni hiyo Grasparossa.

Nirudi kwenye makosa madogo nisionekane nimeyaacha. Chianti na Brunello zimetajwa kwenye makala kama za kaskazini. Ni za Toscana, hiyo ni Italia ya kati, na zabibu yake ni Sangiovese. Kaskazini Sangiovese utaikuta zaidi Romagna. Pia ule ushauri wa kunywa waini nyekundu kwa joto la chumba ungekuja na maelezo. Chumba kinachosemwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya kabla ya hita, digrii 16, 18. Chumba cha Mbagala mwezi wa pili ni 30 na zaidi, hapo hata Barolo ya milioni itanuka spiriti tu na mtu atasema kumbe ndo hii. Waini nyekundu kwa hali ya hewa ya Dar iingie kwenye friji nusu saa kabla ya kufunguliwa, zile nyepesi kama Bardolino, Schiava na Dolcetto ziingie saa nzima, na mhudumu akikushangaa mwambie akae.

Na kama mtu hajui aanzie wapi, mimi ningemwambia asianze na Barolo wala Amarone. Anunue Barbera d'Asti na Valpolicella ya kawaida, azifungue siku moja na chakula cha mafuta, kuku wa kukaanga au mishikaki, ajisikilize mdomo wake. Ile inayomwagisha mate ni Barbera. Akishajua tofauti ya uchachu na ukakasi, hizo nyingine zote atazipanga mwenyewe kichwani. Lebo isome upande wa jina la zabibu au la kijiji, na mwaka, asilimia iwe ya mwisho, ni ya kujua utaendesha gari au utapanda bodaboda.

Jambo la mwisho, na hili ni ombi. Waini nyekundu za kaskazini mwa Italia tayari ziko nyumbani na makala haikusema. Kule Trentino kuna uwanda wa kokoto unaitwa Campo Rotaliano, umezungukwa na kuta za mlima zinazorudisha joto, hapo ndo kwao Teroldego, zabibu nyeusi ya matunda ya porini, uchachu mzuri, ukakasi wa wastani, wataalamu wa vinasaba wanasema ina undugu na Syrah. Chini kidogo ya bonde hilo hilo wana Marzemino, laini zaidi. Sasa Teroldego na Marzemino zimepandwa Hombolo, Dodoma. Trentino inavuna mara moja kwa mwaka, mzabibu unalala miezi ya theluji, Dodoma zinavunwa mara mbili na mzabibu haujui baridi, jua ni la kutosha na sukari inapanda haraka wakati uchachu unakimbia. Waini ya zabibu moja kutoka mahali pawili pa namna hiyo haiwezi kufanana, na ningependa sana kujua imebadilika wapi. Mtumeni mwandishi aende Hombolo wakati wa mavuno aongee na wanaozilima, wanapogoa lini, wanafanyaje ili uchachu ubaki, wakulima wadogo wanalipwa shilingi ngapi kwa kilo, halafu anunue chupa ya Teroldego ya kule. Mimi nitanunua ya Campo Rotaliano kwa pesa yangu, tufungue siku moja, kila mtu aandike alichoonja, mchapishe zote mbili bila kuturekebisha.

Msomaji wenu,
Alba, Italia